Sekunde ya Sitini

Saa 11:10 alfajiri.

Jungu la umeme lililia "ta!" Wali umeiva. Shigeru akafinyanga matonge, akayavika mwani mkavu wa baharini. La dada yake, Mineko, akalibandua mwani, maana alijua haupendi. Mineko aliona, akalipokea.

Chumba cha nyuma cha dobi, mjini Kofu, Japani. Nje, mvua ya Julai. Genzo, mkuu wa genge lao, alizoa simu zote, akazitia ndooni.

"Rudia," alisema.

"Leo saa zote duniani zinaongezewa sekunde moja," Mineko alisema. "Huku kwetu, kabla tu ya saa tatu kamili. Mlango wa ghala la vito una kompyuta mbili. Moja itahesabu sekunde ya sitini. Ile kuukuu itarudia ya hamsini na tisa. Zitabishana. Amri ikiingia wakati wa ubishi, kufuli linaachia. Ikichelewa, king'ora."

"Mkono wako ukitetemeka?"

"Sibonyezi mimi. Mashine yangu inaingoja sitini yenyewe."

Genzo akamkazia macho Shigeru. "Humu kuna anayenuka polisi. Mambo yakiharibika, huyu dereva wako ndiye wa kwanza kufa."

Mineko akaliweka tonge chini. Vito havikumtamanisha tena. Alitaka mdogo wake atoke hai, basi.

Saa 2:59.

Shigeru garini. Mineko na Genzo mlangoni pa ghala, wamevaa kama mafundi wa lifti.

Mashine ya Mineko ilihesabu: hamsini na nane. Hamsini na tisa. Sufuri.

Mashine kimya.

"Sitini iko wapi?" Mineko alinong'ona. "Nani kagusa mashine yangu?"

"Mimi, jana," Genzo alisema. "Ilikuwa inaongea na saa ya taifa. Nikajua unapeleka habari. Nimeiunga kwenye saa ya kampuni moja. Saa si saa tu?"

"Hiyo haiongezi sekunde kwa mkupuo, bosi! Inaikatakata, inainyunyiza siku nzima. Sitini haitakuja!"

"Mmenitega, wewe na mdogo wako!"

Genzo akabonyeza mwenyewe, kachelewa. King'ora kikapasua mvua.

Genzo akatimua mbio hadi garini, kisu mkononi. "Washa! Mwache huyo!"

Shigeru akachomoa ufunguo, akautupa mtaroni. "Bila dada, siendi."

Kisu kikamchana mkono. Mineko akafika, akamsukuma Genzo matopeni, akavua koti na kumfunga mdogo wake jeraha. Polisi waliwakuta hivyo. Msaliti hakuwapo. Hakuwahi kuwapo.

Shigeru alitangulia kutoka gerezani. Siku ya kwanza ya kutembelea wafungwa alikuwa mbele ya kioo, kovu mkononi.

"Nilikuletea tonge, dada. Wamelizuia mlangoni."

"Lilikuwa na mwani?"

"Nitakuwekea mwani mimi?"

Mineko akacheka hadi machozi yakamtoka. Mlinzi akatazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa umekwisha. Akainama, akafunga kamba ya kiatu kilichokuwa kimefungwa tayari.

Mineko akaweka kiganja kwenye kioo.

"Njoo tena, mdogo wangu. Hata mikono mitupu. Njoo tu."