Puti Juu ya Kutu

Msimu wa kahawa, Mbinga mjini hapapitiki. Flavia, nesi wa zahanati moja kule ziwani, alikuwa amekwama na Corolla yake kuukuu nyuma ya fuso la magunia. Amevaa sweta jekundu juu ya gauni la kitenge na bado anatetemeka, maana watu wa ziwani baridi ya Mbinga hawaiwezi. Kilian, fundi rangi, akapita, akagonga madigadi ya nyuma kwa kidole. Kipande cha rangi kikabanduka.

"Dada, gari linaoza hili."

"Na wewe unalimalizia! Sasa nani atalitengeneza?"

"Mimi. Gereji yangu ile pale."

Flavia akacheka. Mambo yakaanzia hapo.

Sasa sikilizeni upumbavu wa mapenzi. Kutu ikishika bati, unapiga msasa mpaka bati ling'ae, unapaka rangi ya kuzuia kutu, ndipo puti ya kuziba mashimo, ndipo rangi yenyewe. Kilian aliyajua hayo kuliko fundi yeyote mjini. Lakini alipowaza kwamba gari likipona Flavia hatapandisha tena milima kuja Mbinga, msasa akauweka chini. Akapaka puti juu ya kutu, akapuliza rangi, gari likapendeza. Miezi mitatu baadaye rangi ikavimba, Flavia akarudi, na kikapu cha samaki wakavu, mbasa wa ziwani, juu yake.

Wakaenda hivyo miaka miwili, wanapendana kwelikweli, simu kila jioni.

"Mgonjwa wako kavimba tena," Flavia alisema.

"Mlete, mpenzi. Na wewe nikupime."

"Mshenzi wewe! Safari hii litengeneze vizuri. Pasaka nakupeleka Kigonsera kwa mama. Sitaki tufike na gari lenye vidonda."

Kilian alifurahi mpaka akakosea rangi ya gari la mteja.

Wiki moja kabla ya Pasaka, gari likiwa bado na uvimbe, Flavia alikwenda nalo Songea kwenye semina. Fundi mmoja huko akakwangua madigadi kwa bisibisi, akaguna, akamwonyesha kutu chini ya puti. Flavia akapiga simu palepale.

"Kilian, hapa uliwahi kupiga msasa?"

Kilian akaanza kuuliza habari za semina.

"Naongea na wewe!"

"Sijawahi. Nilitaka uwe unarudi."

"Si ungeniambia njoo? Ningekuja hata kwa miguu! Mtu akiniletea kidonda, sifungi bandeji juu ya usaha ili nimwone tena. Nakwambia gari linanitia aibu, unanishika mkono, unanipa pole. Pole, Kilian!"

"Niletee basi nilitengeneze. Hilo tu."

Alilileta, akaliacha, akapanda basi. Kilian alikwangua siku tatu, vidole vikachubuka. Alipomaliza, hata yeye hakuona palipokuwa na ugonjwa.

"Nisamehe, Flavia. Twende Kigonsera," alimwambia alipokuja kulichukua.

"Nilishakusamehe." Alipitisha kiganja juu ya madigadi, machozi yanamtiririka. "Lakini mama ataniuliza wewe ni mtu wa namna gani. Nimjibu nini?"

Masikini, Kilian alichukua kitambaa, akaanza kufuta madigadi ambayo tayari yalikuwa yanang'aa. Flavia akawasha gari, akashika barabara ya ziwani.

Mwaka wa pili huu. Kilian humpigia simu, na Flavia hupokea, kwa adabu tu.

"Gari vipi?"

"Halina hata doa."