Chumba cha Nne

Kwanza ilikuwa kuchelewa kidogo tu. Mtoto alifungua kinywa akalia, akanyamaza, ndipo kilio kikafika kwenye kifaa kilichokuwa sikioni mwa mama yake.

"Kaka, hiki kitu kimelogwa?"

"Kimelogwa wapi! Ni nyuzi tu," alifoka fundi wa programu.

Nyuzi zilikuwa zimemfika kooni. Programu aliyomwandikia mdogo wake, mama wa mtoto, asiyesikia bila kifaa, ilikuwa na sehemu alizoziita vyumba: kimoja kinapokea sauti, kingine kinachuja kelele, cha tatu kinapeleka sikioni. Kila chumba kilikuwa na uzi wake, yaani mfuatano wake wa kazi, na nyuzi zilipokezana kufuli moja: uliolishika unafanya kazi, nyingine zinasubiri. Ungedhani ni jambo dogo. Kumbe zinagombana kama watoto wenye mpira mmoja! Na mama mkwe wa mdogo wake alikwisha sema: kifaa kisipofaa kabla ya wiki kwisha, anamchukua mjukuu wake, maana mama asiyesikia kilio atalea nini?

Fundi akajaribu tena. Kompyuta ilionyesha nyuzi nne, si tatu. Akatukana, akazima, akawasha. Nne. Huo wa nne ulikuwa umelishika kufuli, na nyingine zote zinausubiri. Akavaa kifaa mwenyewe. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa chumbani, na chini ya mlio wa feni akasikia mtu akipumua, taratibu, karibu kabisa, kisha kilio cha mpwa wake, kilekile cha asubuhi, kikiachiwa kipande kwa kipande, kana kwamba aliyekishika alikuwa akikionja kwanza na hakutaka kukimaliza.

Akamwita bosi wake wa zamani, mama waliyemtania kazini kwa jina la Bibi Kufuli. Bibi Kufuli akatazama, akashusha sauti.

"Kuna chumba ulikiacha kitupu?"

"Kimoja, cha akiba, hata nilikisahau. Nilikipa uzi ukae unasubiri tu."

"Unamsubiri nani?"

"Sikuandika, mama."

"Mwanangu! Umefungua mlango, umeweka kiti, mgeni hukumtaja. Si atakaa yeyote?"

Kikulacho ki nguoni mwako, fundi alijisemea, na hasira zake zote zikamgeukia mwenyewe. Bibi Kufuli alikifuta chumba kile mstari kwa mstari, akinong'ona jina la Mungu. Ulipofutika wa mwisho, feni ikasimama. Kitu cha baridi kikawapita, na pazia la chumba cha mtoto likatikisika.

Baada ya hapo kilio kilikuja sambamba na kinywa. Mdogo wake alilia kwa furaha. Mama mkwe akasikiliza, mikono kifuani, akasema, "Haya," akaenda zake.

Jioni mama mtu alijilaza, kifaa kikiwa mezani kimezimwa. Fundi akampakata mpwa wake. Mtoto akakunja uso, akafungua kinywa mpaka fizi zikaonekana. Kimya. Akakifunga.

"Lia basi, mjomba," fundi alimsihi.

Mtoto alimtazama tu, midomo imefumbwa. Ndipo kilio kikafika.