Uzito wa Kiti cha Nyuma

Gari lilishuka nyuma taratibu, jinsi linavyoshuka mtu mnene akiketi, lakini Ngendo hakusikia mlango ukifungwa. Hakujali. Simu ilikuwa sikioni, akibishana na dadake Becky, ambaye kwa mwezi wa tatu sasa alikuwa anajipanga kuja kumwona mama. Macho yake yalikuwa ukutani, pale taa za gari zilipotupa madoa mawili ya mwanga juu ya mstari wa chaki. Madoa yalipanda shibiri moja. Fundi Wamalwa, kichwa ndani ya boneti, akazungusha bisibisi mpaka yakarudi mstarini.

Karibu na usukani wa gari lile kulikuwa na kagurudumu ka kuinamishia taa. Ukibeba mzigo nyuma, pua ya gari huinuka na taa huwachoma wenzako machoni. Basi unazungusha kale kagurudumu, na vimota vidogo nyuma ya taa vinaziinamisha. Vimota vya Ngendo vilikuwa vimeungua. Vipya vingechukua wiki mbili kufika, na yeye hakuwa na wiki mbili. Mara tatu kwa wiki alimtoa mamake nyumbani Ngoingwa akampeleka Ruiru kusafishwa damu, kwa kuwa figo zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki walirudi giza likiingia, mama amejilaza kiti cha nyuma, taa zikiangaza vichwa vya watu. Wiki iliyopita dereva wa lori aliyepofushwa nusura awafagie pale barabara ya Mang'u.

Wamalwa, ambaye gereji yake iko Mugutha, alikuwa na dawa ya haraka. Waachane na vimota, afunge taa kwa skrubu huku mtu wa uzito wa mama akiwa ameketi nyuma. Vijana wake walikuwa wameenda chai. Ngendo ni mwalimu wa fizikia na hana subira na watu wa kuzungukazunguka. Akaziba simu kwa kiganja, akauambia ua mzima: “Yeyote aliye hapo akae nyuma, tumalize.”

Naye yeyote akakaa.

Akarudi nyumbani peke yake jioni ile ya Jumatatu, na hakuna gari lililomwashia taa kwa hasira. Mwanga ulinyooka barabarani vizuri, hata akamsifu Wamalwa kimoyomoyo. Ni langoni ndipo hesabu ilipomrudia. Taa zilifungwa kwa uzito wa mtu nyuma. Pasipo mtu nyuma, pua ya gari ingekuwa imeshuka na mwanga ungelima chini, hatua chache tu mbele. Mbona ulikuwa umenyooka?

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, ila sponji ilikuwa imebonyea katikati, na gari lilinuka maji yaliyolala ndani ya tairi kuukuu. Akajiambia ni springi. Watu waliosoma hujiambia hivyo.

Jumanne mama alisafishwa damu, na kiza kilipoingia wakaanza safari ya kurudi. Taa zilipanda juu ya miti. Kila gari lililokutana nao lilimulika kwa ghadhabu, na karibu na Ngoingwa mtu wa bodaboda akawasogelea dirishani, akaanza kumuuliza Ngendo ni mganga gani aliyemuuzia leseni. Kisha akatazama kiti cha nyuma.

“Pole, madam,” akasema. “Sikujua mmejaa.”

Akaondoka bila kuangalia nyuma. Ngendo akashika usukani kwa mikono miwili. Ndipo mama, Wangechi binti Njau, mwanamke ambaye katika miaka sabini na mmoja hakuwahi kulalamikia kitu hadharani, akasema polepole kutoka gizani:

“Maitu, mwambie huyu asogee kidogo. Amenilalia miguu.”

Humwita Maitu, mama yangu, kwa kuwa Ngendo ana jina la nyanya yake. Usiku ule, alipokuwa akimvua soksi, Ngendo aliona alama za bluu kwenye mifupa ya miguu, pana, kama za mtu aliyekaliwa safari nzima.

Jumatano alirudi Mugutha. Wamalwa alichungulia springi, akazipiga kwa spana, akasema ni nzima. Kisha akarudi nyuma hatua tatu akalitazama gari, tupu, likiwa limechuchumaa kwa nyuma kama kuku anayeatamia.

“Mwalimu,” akauliza kwa sauti ya chini, “ile siku, ni nani aliyeketi nyuma?”

“Si alikuwa mtu wako?”

“Vijana wangu walirudi wewe ukiwa umeshaenda. Mimi nilifikiri ni wewe uliyeketi.”

“Mimi nilikuwa nimesimama hapa na simu.”

Wamalwa akapangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, ijapokuwa mikono haikuwa na grisi. Kwao Bungoma, alisema, mtu haiti mtu asiyemjua akae, hasa jua likitua, hasa ukiwa na mgonjwa, kwani kuna vitu vimechoka kusimama. Ngendo alimwuliza kama anaweza kufungua skrubu ile na kurudisha taa zilivyokuwa. Akasema anaweza, lakini skrubu hushusha taa tu. Haimshushi aliyepanda.

Alhamisi Ngendo aliliacha gari nyumbani akakodi teksi, akijiona mjanja. Waliporudi, wakikaribia Thika, dereva akanyoosha mkono kwenye kagurudumu lake, akakazungusha hadi mwisho, na taa zikaendelea kuangaza majani ya mikaratusi, na harufu ya maji yaliyolala ikajaa garini mpaka dereva akafungua madirisha yote manne. Alimwuliza mama kwa upole wamebeba nini kule nyuma. Mama alikuwa amejikunja pembeni kabisa mwa kiti, amebanwa mlangoni, akimwachia nafasi mtu wa kati.

Ijumaa jioni akaja Perez. Wamalwa ndiye aliyemleta, mwanamke mfupi wa kanisa la mavazi meupe kule Mwiki, ambaye mchana huuza omena, vile visamaki vikavu, na akitoka kibandani huombea watu. Ngendo alikuwa amejiandaa kumdharau. Perez hakumpa nafasi. Hakutetemeka, hakunena kwa lugha, hakutaka kuku wala sadaka. Alitaka gari liwekwe mbele ya ukuta wa ua, taa ziwashwe, mlango wa nyuma ufunguliwe, na mgonjwa awe karibu apate kusikia. Mama akaketishwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango ule. Ndani ya gari hapakuwa na mtu, na bado madoa ya mwanga yalikuwa yamesimama juu ukutani.

Perez aliweka kiganja juu ya paa la gari. Alizungumza jinsi mtu anavyozungumza na mgeni aliyekawia. Akasema mahali hapa pana mwenyewe. Akasema aliyekuita hakujua anaita nani. Akasema, “Shuka,” na akalirudia neno hilo mara nyingi, bila kupandisha sauti, na Wamalwa akaanza kuomba Kibukusu chini chini, na taa za jirani zikafifia zikarudi, na harufu ikazidi mpaka Ngendo akahisi ameinywa, na springi za gari zikalia kwa mlio mrefu kama kitanda cha mtu anayeamka, na madoa ya mwanga, ambayo macho yake hayakubanduka kwayo hata kope moja, yakateleza ukutani yakashuka, yakashuka, mpaka yakalamba nyasi.

Ngendo alilia. Hakujua kama ni kwa furaha au kwa aibu ya kuamini. Hakuona kwamba miguu ya kiti cha plastiki ilikuwa imepanuka na kuzama udongoni. Perez aliona.

“Imeshuka, msichana wangu,” akasema. “Lakini sijaona imeelekea wapi. Hawa huenda palipo na nafasi.”

Ngendo alimshukuru akamfungia unga na sukari. Kushuka ni kushuka, alijiambia, ukuta umeshuhudia.

Jumamosi mchana kituoni Ruiru, Sista Awiti alimpandisha mama kwenye mizani, kama ilivyo kawaida kila mara kabla ya kusafishwa. Uzito wake mkavu, yaani bila maji ya ziada, ni kilo hamsini na nane. Kinachozidi huhesabiwa kuwa maji, na mashine huyavuta. Mizani ikasema sitini na tisa.

“Shosho, umekunywa mto Chania wote?” Sista alitania, lakini uso wake haukucheka. Akazima mizani, akaiwasha. Sitini na tisa. Akampigia daktari, akarudi akisema wataanza kwa kuvuta lita nne, kesho wamlete tena wavute nyingine.

Ngendo alimtazama mamake. Vifundo vya miguu vilikuwa vyembamba kama vijiti vya kuni. Ndani ya mwili ule hamkuwa na lita nne za kutoa. Mashine haijui jini. Ingevuta kilichopo, na kilichopo kilikuwa ni mama. Na wakikataa mashine, sumu ya damu ingemmaliza kabla ya Jumanne.

“Si maji, Sista,” akasema.

“Ni nini basi, mwalimu?”

Yeye ambaye huwapa wanafunzi sufuri kwa jibu lisilo na hatua zake akaomba tu wapime mara ya mwisho. Mama alipopanda, Ngendo akamshika kiwiko, kama binti yeyote mwenye adabu, na bila haya akaanza kuinua. Alikusudia kuiba kilo chache tu, mashine isimdhuru. Sitini na tisa ikawa sitini na nane. Ndipo akahisi kitu kikijongea kutoka mfupa wa mama hadi mkono wake, kwa hiari, bila pupa, jinsi abiria anavyohamia kiti alichopishwa, kikapita begani, kikateremka mgongoni, kikatulia. Mizani ikasema sitini kamili.

“Hizi mizani,” akasema Sista Awiti, akaandika.

Mama alisafishwa vizuri. Kwa muda wa saa nne zote alilala kama mtoto, na alipoamka aliomba chai, akasema tangu Jumatatu hajawahi kujisikia mwepesi hivi. Ngendo alimmiminia, kifua kikiwa kizito na mdomoni mkiwa na ladha ya maji ya tairi.

Waliingia barabara ya Mang'u giza likiwa limeshafunga. Mama nyuma alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa pua. Pua ya gari ilikuwa imeinama, mbele kuzito kuliko nyuma, na taa zililima lami hatua mbili kutoka kwenye bampa. Zaidi ya hapo hapakuwa na barabara wala mti wala dunia.

“Maitu,” mama akaacha kuimba, “enda polepole. Hatuoni mbele.”

Ngendo alitaka kupunguza. Aliuambia mguu wake wa kulia uinuke, akauambia tena, akalishika paja kwa mikono yote miwili akavuta, na mguu ukabaki umelala juu ya pedali ya mafuta, na uzito ulioulalia haukuwa na haraka ya kushuka. Mahali fulani mbele, ambako taa zake hazikufika, lori lilipiga honi.