Sauti ya Zafarani

Kubisha mlango kulianza siku aliyofika Rawya, baada ya alasiri, ndani ya stoo ya jikoni. Nyumba ya Bi Masouda pale Mabela, Maskati, ilikuwa mpya, hata mwaka haijatimiza. Rawya alipofungua stoo alikuta magunia ya mchele tu, na harufu kali ya karafuu mbichi.

"Karafuu haziingii humu ndani," alisema Bi Masouda bila kumtazama. "Funga mlango."

Rawya alizaliwa Cardiff, Uingereza. Babu yake, mchochea makaa katika meli za Waingereza, ndiye aliyehamia huko na mama yake Rawya angali mchanga. Kila siku watu wa kule walimuuliza anatoka wapi hasa, mpaka akaja Maskati kuwatafuta watu waliomlea bibi yake, Zafarani, huko Unguja. Zafarani alikuwa wa kizazi cha watumwa. "Lakini kwetu alikuwa kama mtoto wa nyumba," Bi Masouda alimwambia. "Homa ilimchukua."

Siku ya tatu Bi Masouda alianguka sebuleni. Sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke kijana, imekauka. "Maji. Nifungulieni."

Mwanawe, Jaifar, akamleta Sheikh Aflah. Sheikh alisoma, akasoma tena, na kadiri alivyosoma ndivyo kubisha kulivyotoka stoo kukapita ukutani, kukaja chini ya marumaru, kukasimama pale pale alipolala kikongwe, kucha zake zikikwaruza sakafu mpaka zikatoa damu.

"Wewe nani?" aliuliza sheikh kwa sauti ya chini.

"Mimi jini wa ghala. Nilikuwa na Zafarani gizani. Yeye alikufa, mimi nikabaki na sauti yake. Muulizeni huyu, ufunguo alikuwa nao nani."

Bi Masouda akafumbua macho. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Alitaka kufuatana na mumewe Ulaya. Baba akamfungia ghala la karafuu, akasema mtumwa wake haondoki, Mngereza aseme atakalo. Mume akaambiwa homa, akaoneshwa kaburi, akapanda meli na mtoto. Naye Zafarani yuhai bado, yumo ghalani." Akameza mate. "Ufunguo nnao mimi. Nna miaka kumi wakati huo. N'kaogopa."

Kubisha kukakoma. Sheikh akafunga msahafu.

Rawya, pale pale sebuleni, alimpigia mama yake simu ya spika, akamweleza yote. Kisha mama, mwenye miaka sabini na tano, akauliza neno moja tu.

"Aliniita?"

Bi Masouda alisikia. Akajifunika uso kwa kanga.

"Mwambie alimwita siku zote nne mle ghalani," alisema. "Mpaka ya mwisho."