Mbegu ya Wimbi na Mwisho wa Ulimwengu

Mvua ya Machi ilinyesha Amukura siku tatu mfululizo. Siku ya nne jua likatoka. Aguti alikuwa shambani kabla umande haujakauka. Shamba lilikuwa limelimwa kwa ng'ombe mara mbili, na udongo ulikuwa laini. Kilichobaki ni mbegu tu.

Mbegu ilikuwa kwa mama mkwe wake, Akiror. Ilikuwa mbegu ya wimbi, yaani ulezi, na si wimbi la kununua sokoni. Akiror alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Kila mavuno alichagua masuke mazuri. Punje zake aliziweka kwenye vibuyu viwili, akavitundika juu ya moshi wa jikoni ili wadudu wasizile. Kwa miaka arobaini na minne mbegu hiyo ilipandwa bila kukosa.

Aguti aliporudi nyumbani alikuta kibuyu kimoja kitupu. Akiror alikuwa ameketi mlangoni pa jiko, akipepeta mbegu za kibuyu cha pili.

"Mama, ile ingine iko wapi?" Aguti aliuliza.

"Nilisaga juzi ukiwa sokoni. Nimeloweka unga. Inageuka ajono."

Aguti alidhani hakusikia vizuri. Ajono ni pombe ya wimbi. Wateso, kabila lao, hukizunguka chungu kimoja na kuinywa kwa mirija mirefu. Lakini ajono hutengenezwa kwa wimbi la chakula. Hata mlevi wa kijiji hawezi kugusa mbegu.

"Na hii nayo upeleke kisiagi leo," Akiror aliendelea. Alilirudisha wimbi kibuyuni taratibu. "Nataka pombe ya kutosha. Nitaita majirani wote. Tukae, tunywe pamoja, tuagane."

"Tuagane tunaenda wapi, mama?"

"Ulimwengu inaisha, mwanangu."

Mambo yalianza Jumapili. Emojong, mume wa Aguti, hufanya kazi mpakani Malaba. Huwasaidia madereva wa malori na karatasi zao za forodha. Siku hiyo alimwonyesha mama yake video kwenye simu. Mtu mwenye miwani alikuwa akieleza kwamba ulimwengu utafika mwisho, na kwamba nyota zitazimika moja baada ya nyingine.

Akiror si mtu wa kutishwa ovyo. Wahubiri watatu walikuwa wamepita Amukura, kila mmoja na tarehe yake ya mwisho wa dunia. Kila tarehe ilipofika, Akiror alichukua jembe akaenda shambani.

"Lakini huyu si mhubiri," alisema sasa. "Huyu ni mtu wa sayansi. Watu wa sayansi ndio walileta chanjo ya polio. Hao hawabahatishi."

Kwao mkamwana habishani na mama mkwe. Tena Aguti alimpenda. Alipopoteza mimba yake ya kwanza, Akiror alilala naye sakafuni wiki nzima, akimshika mkono. Mtu kama huyo utamwambia nini? Alichukua kibuyu, akashika njia ya kisiagi.

Alitembea polepole. Alijua kwamba mbegu hiyo ikisagwa, imekwisha. Hakuna duka linaloiuza. Machozi yakaanza kumtoka.

Karibu na kisiagi alikutana na Selpha, jirani yao. Selpha ni Msamia, na anafundisha fizikia katika shule ya upili. Kila jioni huja kwao kununua maziwa.

"Mama Sharlyne, kuna msiba?" Selpha aliuliza, akimwita Aguti kwa jina la mtoto wake.

"Hakuna, mwalimu. Napeleka mbegu kusagwa." Aguti akamweleza yote.

Selpha hakucheka. Alitazama ndani ya kibuyu, kisha akasema, "Kisiagi hakitoroki. Turudi kwanza."

"Mama atasema nimemsema njiani."

"Nitamwambia nimekuja kumuuliza mambo ya ajono. Na ni kweli, nitamuuliza."

Akiror aliwapokea vizuri, ingawa alikitazama kibuyu mara mbili. Wakakaa kwenye mkeka uani. Emojong, aliyekuwa amelala baada ya zamu, naye alitoka akipiga miayo.

"Mama," Selpha alianza, "ulichosikia kuna ukweli ndani yake. Ulimwengu unaweza kufika mwisho."

Aguti alivunjika moyo. Alikuwa anangoja mwalimu akatae.

"Si nilisema?" Akiror alimgeukia Aguti.

"Lakini utaishaje, wanasayansi hawajui kwa hakika," Selpha aliendelea. "Wana nadharia kadhaa. Nadharia si uvumi, mama. Ni maelezo yanayotokana na vipimo na hesabu. Ushahidi mpya ukija, nadharia inarekebishwa, au inaachwa kabisa."

"Wanasema nini?"

"Ulimwengu si dunia yetu peke yake. Ni jua, ni nyota zote, ni kila kitu. Na wamepima wakaona makundi ya nyota yanazidi kuachana. Ulimwengu unapanuka. Sasa, nadharia ya kwanza inasema kupanuka huko kutasimama, halafu kila kitu kirudi nyuma na kujikunja pamoja. Ya pili inasema kutazidi kuwa kwa kasi, mpaka hata nyota zichanike. Ya tatu ndiyo wengi wanaona ina ushahidi zaidi. Hiyo ndiyo nataka unisaidie kueleza."

"Mimi nisaidie mwalimu?"

"Ajono ikiwa mpya, unamimina maji moto na inakuwa kali. Ukiongeza maji mara ya sita?"

Akiror alicheka. "Hapo unakunywa maji ya kuosha sufuria."

"Wimbi si bado liko chunguni?"

"Liko, lakini nguvu imeisha. Imetoka ikaenda na maji."

"Basi ni hivyo hivyo. Nyota zinatoa joto, na joto linasambaa. Siku moja joto lote litakuwa limesambaa sawasawa kila mahali. Vitu vitakuwepo, lakini hakutakuwa na nguvu ya kuwasha nyota nyingine. Ulimwengu utakuwa baridi na giza."

Akiror alitikisa kichwa. Jambo hilo lilimhuzunisha kwa sababu sasa alilielewa. "Na ni lini? Mwezi huu ama mwezi ujao?"

Selpha alimtazama Emojong. "Hiyo video ilisema ni lini?"

Emojong alijikuna shingo. "Mwalimu, bando iliisha. Hatukufika mwisho."

"Haya. Lori la pale Malaba linabeba tani ngapi?"

"Zile kubwa, ishirini na nane hivi."

"Lijaze wimbi. Kila punje ni mwaka mmoja. Kila mwaka unatoa punje moja tu. Jua letu litazimika lori hilo likiwa limefika karibu nusu. Kabla ya hapo jua litaongeza joto, na dunia itakauka. Lakini hata kufika huko ni zaidi ya magunia ishirini ya punje."

"Na hizo nyota za mwisho?" Akiror aliuliza.

"Hizo ni malori kama elfu tisa. Yapange foleni kutoka mpakani. Yatapita Bungoma, yatapita Webuye, yatapita Eldoret na kuendelea."

"Na mimi hulia foleni ikifika Bungoma," Emojong alisema.

Akiror aliingiza mkono kibuyuni, akatoa punje moja. Aliiweka kwenye kiganja na kuitazama kwa muda mrefu.

"Hii ndio mwaka moja?"

"Hiyo, mama."

"Mimi nilidhani tunaenda wote pamoja," alisema kwa sauti ya chini. "Nikaona afadhali. Tukienda wote, hakuna mtu atabaki akililia mwingine. Tangu nizike Eriaku, nimechoka kubaki."

Eriaku alikuwa mume wake. Hakuna aliyekuwa amemsikia Akiror akisema hivyo, hata mwanawe. Emojong aliinamisha kichwa.

Aguti alisogea karibu na mama mkwe wake. "Mama, sijawahi kukuomba kitu. Leo naomba hii mbegu. Na naomba tubaki wote, mimi na wewe, tupande."

Akiror alimtazama mkamwana wake. Kisha akairudisha ile punje moja kibuyuni na kukisukuma kibuyu mbele yake.

"Basi mnakaa nini?" alisema. "Udongo inakauka."

Walipanda siku hiyo hiyo, wote wanne. Mwalimu Selpha alipanda vibaya, akichekwa na kila mtu. Ajono ya kibuyu cha kwanza haikuwa ya kuagana tena. Ilinywewa wakati wa palizi, na majirani waliokuja kuinywa ndio waliosaidia kung'oa magugu. Emojong naye ameacha kusambaza habari ambayo hajaifikisha mwisho. Akishindwa kuielewa, humpelekea mwalimu simu.

Wimbi likaiva Julai. Lilikuwa zuri, masuke yamejikunja kama ngumi. Akiror alizunguka shamba zima akichagua ya mbegu. Wiki kadhaa baadaye, yalipokauka na kupurwa, alimwita Aguti jikoni. Vibuyu vyote viwili vilikuwa vimejaa.

"Shika," alisema. "Hizi zitakaa kwa jiko yako. Mama mkwe wangu alinipa, sasa nakupa. Mwaka ujao nikiwa niko, utaniita tupande. Nikiwa siko, utapanda."

Aguti alipiga magoti, akavipokea kwa mikono miwili. Alitaka kushukuru, lakini machozi yalimtangulia.

"Weka kando, mwanangu," Akiror alisema, akimfuta shavu kwa kidole gumba. "Usilie juu ya mbegu. Itaota kabla ya mvua."