Roboti Iliyoacha Kusaidia

Foleni ya kantini ya hospitali ilikuwa ndefu, na msusi alikuwa amebeba chai kwa mkono wa kushoto, mkono asiouzoea. Chai yote ikaishia kwenye koti jeupe la kijana aliyekuwa nyuma yake.

"Pole, kaka! Wa kulia umelala tangu nipate kiharusi."

"Basi tutauamsha. Mtaalamu wa viungo ni mimi." Kijana akajipangusa huku akicheka. "Ila koti utafua."

Msusi alikuwa amevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa. Doa likasahaulika palepale.

Kila asubuhi mtaalamu alimfunga mkono kwenye roboti, na mashine ikamsaidia kugeuza kiganja juu, chini, juu.

"Nataka kusuka tena," msusi alisema. "Nisiposuka, mimi ni nani?"

"Wewe ni mwaga-chai wangu," mtaalamu akamtania.

Jioni zikawa za simu. Mpenzi huku, kipenzi kule.

Ghafla kiganja kikaanza kugoma katikati. Msusi alisukuma mpaka jasho likamtoka. Wapi! Kesho yake vilevile.

"Mkono unakufa tena, na wewe unatabasamu!" Akajifungua mikanda, akaenda zake, akazima simu.

Mama yake hakuwa na muda wa mahaba ya kununa. Alirudi kutoka sokoni, akapiga mlango teke. "Acha kununa, fungua! Mikono yangu imejaa."

Msusi akazungusha ufunguo, kitasa kikalia, mlango ukafunguka. Wakatazamana. Alikuwa ametumia mkono wa kulia.

Akawasha simu, akampigia mtaalamu. "Umenifanya nini?"

"Nilipunguza msaada wa mashine. Ile nusu uliigeuza mwenyewe, kwa nguvu zako."

"Na hukusema!"

"Nilitaka kukushtukiza ukifika mwisho. Nimekosea, mpenzi."

"Sana! Siku nyingine ukitaka kuniachia, niambie kwanza."

"Mwambie aje," mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Na hilo koti la chai alilete!"

Alikuja jioni hiyohiyo, shati limenyooshwa, koti mkononi. Msusi akamkalisha chini, akashika nywele zake za utosini, akasuka polepole, ulimi nje. Kikatoka kijisuko kimoja, kimepinda.

"Nifumue?"

"Usikiguse. Nataka mama akione nikimwomba binti yake."

"Nimekiona," mama akasema mlangoni. "Kibaya. Mimi sina neno, muulize mwenyewe."

Mtaalamu akataka kugeuka. Msusi akamrudisha kichwa.

"Tulia, mume wangu. Nasuka cha pili."