Rangi ya Kucha kwenye Skrubu

Jumapili ya mwisho kabla ya msimu wa kuwinda kulungu, kiwanja chetu cha shabaha hapa nje ya mji wa Scranton hujaa kuliko kanisa. Wanaume ambao bunduki zao zimelala kabatini mwaka mzima huzikumbuka siku hiyo moja, wakaja na darubini za kulengea zilizopinda na visingizio vilivyonyooka. Mimi, Stasia, hukaa mlangoni nikiandikisha majina, nikigawa namba za meza za kupigia na kupakua kabichi na tambi za siagi. Nisiyoyaona kwa macho husimuliwa, maana mtu akishiba hana siri.

Loretta Sobczak aliingia saa nne asubuhi akiwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Alivaa suruali ya kazini ya buluu, viatu vyeupe vilivyochoka, na jaketi la rangi ya chungwa lililomfika magotini. Miaka arobaini na minane, nywele zimefungwa kwa mpira wa kufungia mboga. Begani alining'iniza bunduki ya komeo la kuvuta kwa mkono, mpya, ile ya bei ya chini kabisa dukani.

"Umelala lini, mwanangu?" nikamuuliza.

"Jumanne."

"Leo Jumapili."

"Ndiyo maana nakunywa kahawa, Bi Stasia."

Nikampa meza ya saba. Mzee mmoja mwenye bunduki ya kitako cha mti wa mjozi akamtazama, akacheka. "Dada, hilo ni bomba la kumwagilia bustani?"

Aliyejibu ni mtu wa meza ya nane, Wendell Kuhns, dereva wa lori la jiji la kusukuma theluji. Mrefu, kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, macho mekundu kama ya Loretta.

"Mimi ninayo hiyo hiyo, mwaka wa nne huu," alisema. "Komeo linakwaruza kama droo ya jikoni. Kasha la risasi ni la plastiki, ukilidondosha kwenye baridi linapasuka. Lakini ikitulia, matundu matatu unayafunika kwa sarafu. Yako ya thamani inafanyaje, mzee?"

Mzee akakohoa, akakumbuka kwamba hajanywa supu.

Loretta alipiga risasi tano. Nilipopuliza honi ya kusimamisha, watu wakaziacha bunduki zao wazi mezani, wakatembea yadi mia kwenda kwenye karatasi zao. Loretta alihesabu mara mbili.

"Nimepiga tano," akasema, "matundu ni manane. Bunduki hii inazaa?"

Wendell pale pembeni alikuwa ameikodolea macho karatasi yake, nyeupe kama shuka la hoteli.

"Dada yangu," akasema polepole, "hayo matatu yaliyobanana pamoja..."

"Ni yako?"

"Nilitoka kazini saa kumi na moja alfajiri. Nimehesabu karatasi vibaya."

"Kwa hiyo unapiga vizuri sana, ila kwenye kitu cha mtu mwingine."

"Kwa ufupi, ndiyo."

Loretta alicheka. Mimi sikuwahi kumwona akicheka tangu mumewe Duane aondoke. Duane huyo ndiye aliyekuwa akimchagulia rangi ya pazia, aina ya sabuni, na saa ya kulala. Kila alichoshika Loretta, yeye alikishika tena kukiweka sawa. Bunduki ile ya plastiki ilikuwa kitu cha kwanza Loretta kujinunulia kwa miaka ishirini na miwili bila kumuuliza mtu.

Kabla hajaondoka nilimwita pembeni, nikatoa chupa yangu ya rangi ya kucha, nyekundu ya sikukuu.

"Skrubu za darubini ya bunduki hizi hulegea," nikamwambia. "Chora mstari upite juu ya skrubu mpaka kwenye chuma cha pembeni. Mstari ukikatika, ujue skrubu imezunguka."

Akachora minne, kwa makini, ulimi umetoka nje kidogo.

Mapenzi ya Loretta na Wendell, yaliyoanzia kwenye karatasi ile, yalikuwa ya watu waliochoka. Hawakwenda dansi. Wendell alimpigia simu saa kumi na mbili asubuhi, yeye anashuka kwenye lori, mwenzake anatoka kwa wazee.

"Umelala, mpenzi?"

"Nalala sasa hivi, nawe uko sikioni."

"Umekula?"

"Biskuti za mgonjwa wa chumba cha tisa. Alinipa kwa hiari, usianze."

"Loretta."

"Mmh."

"Loretta?"

Usingizi ulishamchukua. Naye Wendell hakukata. Alisikiliza anavyokoroma mpaka na yeye akapitiwa usingizi kwenye kiti cha gari, mbele ya nyumba yake mwenyewe. Jirani alishagonga kioo mara mbili akidhani amekufa.

Msimu ule Loretta hakupata siku hata moja ya kuwinda. Mwaka uliofuata aliomba ruhusa ya Jumamosi ya ufunguzi tangu mwezi wa tatu, akapewa. Siku moja tu. Novemba alikuja kiwanjani, akapiga risasi tano, matundu yote yakaenea ndani ya upana wa kizibo cha chupa. Aliikunja karatasi ile akaitia kwenye pochi, mahali ambapo wanawake wengine huweka picha ya mjukuu.

Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, siku mbili kabla ya ufunguzi, Wendell alipanda ngazi thelathini na moja mpaka kwenye fleti ya Loretta, amevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Walikula bata mzinga. Loretta alilala kwenye kochi, uma bado mkononi. Bunduki ilikuwa juu ya meza, tupu, inangoja kufutwa mafuta. Wendell akaishika skrubu ya nyuma ya darubini kwa kidole. Ikacheza.

Mkono wa mwanamume ukiona kitu kimelegea hauna subira. Akatoa bisibisi yake ya mfukoni, akakaza. Alikusudia kumwambia akiamka, maana ukikaza skrubu lazima urudi kwenye karatasi, risasi haiendi tena pale pale. Lakini simu ya jiji ikalia: theluji. Akambusu paji la uso, akaondoka. Alisukuma theluji usiku kucha na Ijumaa nzima, kisha akalala kama gogo mpaka Jumamosi mchana. Simu ndiyo iliyomwamsha.

"Wendell, ulishika bunduki yangu?"

"Mpenzi... skrubu ya nyuma ilikuwa imelegea, nika..."

"Sijauliza ilikuwaje. Nimeuliza, ulishika?"

"Nilishika."

"Kulungu dume alisimama hatua sitini. Ubavu mzima, ananitazama. Nikapiga, akaondoka zake anatembea, Wendell, hata kukimbia hakukimbia. Nikakaa juu ya gogo nikijiambia Duane alisema kweli, mimi mkono wangu hauwezi kitu. Saa nzima nilikaa hapo. Halafu nikaona mstari mwekundu umekatika, umesogea upande wa kukaza, na skrubu haijikazi yenyewe."

"Ningekuamsha, ila ulikuwa umelala kwa mara ya kwanza kwa siku tatu."

"Duane naye kila mara alikuwa na sababu nzuri."

Simu ikakatika. Hakupokea tena, Desemba wala Januari. Hakuwa akililia nyama. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani ambacho hakikuwa na alama ya mkono wa mtu mwingine, na sasa hakikuwepo.

Wendell alikuja kwangu amekonda, ndevu kama mswaki wa choo.

"Bibi, nifanye nini? Nimwandikie?"

"Nyamaza," nikamwambia. "Dawa hiyo ninyi wanaume hamjawahi kuijaribu."

Februari nikampigia Loretta: njoo Jumapili, kiwanja kitupu, huwezi kuwinda mwaka huu na bunduki usiyoiamini. Nikampigia Wendell: njoo Jumapili, kuna theluji ya kusukuma mlangoni. Mmoja nikampa meza ya saba, mwingine ya nane. Meza zilizobaki, nikasema, zina unyevu.

Waliangaliana. Hawakusalimiana. Loretta akaanza kupiga. Matundu yakatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Alikuwa amekasirika hata hakuzigusa zile skrubu tangu siku ile. Akazungusha vitufe vya darubini, akapiga, akazungusha tena. Wendell alikuwa ameshaiona shida. Nilimwona anauma glavu yake. Akakalia mikono. Risasi ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini, mtu mzima anatokwa na jasho kwenye theluji.

"Wendell," Loretta akasema mwishowe, bila kugeuka.

"Naam."

"Ni skrubu ipi?"

"Ile ya mbele sasa."

"Bisibisi unayo?"

Akaiweka juu ya meza, akarudisha mkono wake haraka kama meza inaunguza. Loretta akazikaza zote nne mwenyewe. Nikapeleka chupa yangu ya rangi, nikajifanya naangalia ndege. Akachora upya. Akapiga, akarekebisha, akapiga, mpaka bunduki ikatulia.

Tukaenda kubandika karatasi mpya, tukarudi. Wendell akakaa, mabega yameshuka.

"Wewe una ngazi thelathini na moja," akasema. "Mimi ninazo tatu. Nimechoka, Loretta. Tuoane basi, tupumzike."

"Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo nguvu niliyobaki nayo. Na bisibisi yangu itakaa kwako, kwenye droo yako."

Loretta akavuta komeo. Akalala juu ya kitako cha plastiki, akapiga risasi tano, taratibu, akipumua kati ya moja na nyingine. Wendell hata bunduki yake hakuitoa kwenye mfuko.

Nikapuliza honi. Wakatembea kwenye theluji, mmoja nyuma ya mwingine, nami nikafuata, maana nina umri ambao watu hawakufukuzi. Karatasi ya Loretta ilikuwa nyeupe, safi. Ya Wendell ilikuwa na matundu matano.

"Mimi sijapiga hata moja," Wendell akasema.

"Samahani, bwana. Nimepiga karatasi yako."

"Kwa bahati mbaya?"

"Sarafu unayo? Funika."

Akapapasa mifuko yote mpaka akaipata. Ikafunika manne. La tano lilikaa peke yake, pembeni.

"Hili limetoka nje."

"Hilo ni onyo."

Akaibandua karatasi ile, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akasimama mbele yake, mikono inaning'inia, hajui pa kuiweka.

"Loretta, naweza kukushika mkono?"

Loretta alimtazama kwa yale macho yake ya mtu aliyelala mara ya mwisho Jumanne.

"Umeuliza," akasema. "Basi shika."